Gunia na ua

Wenzangu wa Kakuma, kila mtu anayeanza bustani ananiuliza apande nini. Mimi nasema lengalenga, ile Wakenya wanaita mchicha ama terere. Nyanya inakula maji karibu miezi mitatu. Lengalenga wiki ya nne unachuma, na ukiacha shina inachipuka tena.

Jaza gunia udongo na samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, maana mbichi inaunguza mizizi. Katikati panga mawe kutoka chini mpaka juu. Bila hayo mawe maji yanabaki juu tu, na miche uliyotoboa pembeni inakauka. Mwagilia jioni. Maji uliyooshea mboga yanafaa, ila ya sabuni hapana.

Sasa, maua. Mama mmoja wa bloku yetu, hata siku bomba halitoi, alikuwa anatenga kikombe kimoja kwa ua lake la mlangoni. Watu wakamsema sana: posho imepunguzwa, yeye ananywesha maua! Akawaambia mboga ni za tumbo, hili ni la macho yake. Mimi niko upande wake. Ana magunia mawili ya lengalenga, lakini ukimtembelea anakuonyesha kwanza ua.