Heri na Faida: Lakshmi katika Usiku wa Taa

"Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii twaifahamu sote, na aghalabu twaitumia kumwonya mtu asiyehesabu matumizi yake. Lakini wapo wenzetu waliolifanya daftari lenyewe kuwa sehemu ya ibada. Hao ni Wahindu wenye asili ya Gujarat, na sikukuu yao ni Diwali.

Sisi tuliokulia Kigoma tuliwajua Wahindi hasa kama watu wa madukani. Reli ya Kati ilipofika ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1914, biashara ilianza kuihama Ujiji na kuelekea bandari mpya. Tulitumwa dukani kununua chumvi na mafuta ya taa, na fedha zilipopungua, jina la mzazi liliandikwa katika daftari. Daftari hilo tuliliogopa. Ndiyo maana tulistaajabu kuona, usiku mmoja kila mwaka, taa ndogo za udongo zikiwashwa vizingitini, na madaftari mapya yenye majalada mekundu yakiwekwa mbele ya picha ya mwanamke mwenye mikono minne.

Mwanamke huyo ni Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali. Husimuliwa kwamba alitoka majini, wakati miungu na mashetani walipoisuka bahari ya maziwa. Ameketi juu ya ua la majini, lifananalo na mayungiyungi ya mabwawa ya Malagarasi. Mizizi ya ua hilo imo topeni, lakini ua lenyewe ni safi. Ndivyo mtu apaswavyo kuishi kati ya mali bila kuchafuliwa nayo. Mikono yake miwili imeshika maua. Wa tatu umeinuliwa kumtuliza mwenye kuabudu asiogope. Wa nne umeelekea chini, na sarafu za dhahabu zamiminika kutoka kiganjani. Hapana mkono uliofumbata fedha.

Tena husemwa kwamba Lakshmi hatulii mahali pamoja, wala haingii penye uchafu na giza. Kwa hiyo nyumba hufagiliwa, hesabu za mwaka hufungwa, na taa huwashwa. Sikukuu huangukia usiku usio na mwezi, katika Oktoba au Novemba. Usiku wa giza namna hiyo ndio wautakao wavuvi wetu wa dagaa, kwa kuwa mbalamwezi huishinda nguvu taa ya mvuvi. Zamani waliwasha karabai, siku hizi taa za betri. Basi taa za Diwali zinapowaka nchi kavu, ziwani nako huwa ni msimu wa taa, na pande zote mbili watu huitafuta riziki kwa nuru.

Katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya huandikwa maneno mawili: shubh na labh, yaani heri na faida. Heri hutangulia. Kwa maoni yetu, hapo ndipo ilipo mizani ya sikukuu nzima. Daftari lililoombewa dua huwa shahidi, na uongo uandikwao humo huandikwa mbele ya Lakshmi.

Hatuna budi kuipima historia yetu kwa mizani hiyo. Katika karne ya 19, misafara iliyofika Ujiji ilitegemea mikopo ya matajiri wa Unguja, ambao wengi wao walikuwa Wahindi. Kampuni ya Jairam Shivji, Mhindu wa Kutch, ilikodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi, na forodha hiyo ilitoza ushuru wa pembe za ndovu na wa watumwa pia. Faida iliandikwa, heri haikuwamo. Wala hatia hiyo si ya Wahindi peke yao, kwani Waarabu, Waswahili na baadhi ya watawala wa bara walishiriki, na pembe zilinunuliwa Ulaya na Marekani.

Hata hivyo, si haki kumhukumu mwenye duka wa Kigoma kwa madaftari ya Unguja. Methali isemayo "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" humpa ubaya kwanza, kisha ndipo hukubali manufaa yake. Daftari tuliloliogopa ndilo lililotupatia chumvi miezi ambayo dagaa walikuwa haba. Na wazazi wetu, wakijua kwamba dawa ya deni ni kulipa, walilipa.

Baada ya majumba mengi kutaifishwa mwaka 1971, Wahindi wengi waliihama nchi. Waliobaki wangali wakiwasha taa zao, na mahekalu ya mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, hung'ara usiku huo. Siku ya mwaka mpya Wagujarati husalimiana "Sal Mubarak". Neno hilo la pili mzee wa Ujiji halihitaji kufasiriwa, kwani ni ndugu wa baraka.

Si lazima tuabudu aabuducho jirani ili tujifunze kwake. Swali la daftari ni letu sote. Katika vitabu vya ushirika, vya shule na vya nyumba zetu, ni lipi tuliloliandika kwanza: heri au faida?