Nyumba ya Zamani Isipimwe kwa Macho Tu

Wazee walisema: nyumba njema si mlango. Lakini katika miji yetu tunalisahau neno hili. Tukiona nyumba ya zamani, rangi imechakaa na mabati yana kutu, mara moja tunasema: imezeeka, ibomolewe. Wengine wanafanya kinyume. Wanapendezwa na baraza pana na milango ya mbao nzito, wanatoa fedha yao yote, halafu mvua ya kwanza inawafundisha. Basi, tuone namna ya kupima nyumba kama hiyo kwa haki.

Mji wa Lubumbashi ulianza mwaka 1910, mwaka ule ule gari la moshi lilipofika kutoka kusini. Mtaa wa Kamalondo, ulioitwa zamani Cité Albert, ni mmoja wa mitaa ya kale walimokaa wafanyakazi Waafrika. Humo imo nyumba ya marehemu baba yangu mkubwa. Ilijengwa kabla ya Uhuru wa 1960, kwa matofali mekundu ya kuchoma; udongo wake ulichimbwa katika vichuguu vya mchwa, kama ilivyo desturi ya Katanga. Mama mkubwa, mjane wake, anakaa humo hata leo. Siku moja mfanyabiashara alikuja kuitaka. Akasema: «Nyumba hii ni bure, mimi ninanunua lupango tu.» Watoto wengine walitaka kugawana fedha upesi. Ndipo yaya mkubwa aliponiita: «Mwalimu, wewe umesoma. Njoo utuangalilie kwanza.»

Nilikwenda pamoja na fundi mwashi mzee, mwezi wa Oktoba, mvua zikiwa karibu kuanza. Hatukuanza na rangi. Tulianza na maji, kwa maana adui wa kwanza wa nyumba ni maji. Tulitazama yanakoanguka kutoka paani, yanakopita, na kama yanasimama karibu na msingi. Kisha fundi aligonga ukuta kwa vidole toka chini hadi juu. Mahali fulani plasta ililia kama ngoma tupu. Akanieleza: matofali ya zamani yaliunganishwa kwa udongo, ukiyafunika kwa saruji ngumu, unyevu unaopanda kutoka chini haupati njia ya kutoka, nao unaoza ukuta kwa ndani.

Jambo la pili ni nyufa. Ufa mwembamba wa plasta si kitu. Ufa unaokata matofali yenyewe na kupanda mshazari kutoka pembe ya dirisha, huo ni neno la msingi. Fundi alipaka saruji kidogo juu ya ufa mmoja, akaandika tarehe. Tuliporudi mwezi wa Machi, saruji ile ilikuwa nzima. Maana yake ni kwamba nyumba ilikwisha kutulia. Ufa ulikuwa kovu, si kidonda.

Jambo la tatu ni mbao za paa. Fundi alipanda na kisu, akachoma kila boriti. Upande wa jiko kisu kilizama kama katika muhogo uliochemshwa: mchwa walikuwa wamekula. Boriti nyingine zote zilikuwa ngumu. Angalieni pia paa lenyewe. Kama si bati bali ni mabamba ya kijivu ya saruji yenye amianti, msiyakate wala kuyatoboa ovyo, sababu vumbi lake linaua mapafu. Na nyaya za umeme za zamani zilizovikwa kitambaa, heri kuzibadilisha zote.

Jambo la nne ni karatasi, nalo linapita matofali. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi yote ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuitumia, na ushahidi wa haki ile ni cheti cha kuandikishwa, «certificat d'enregistrement». Kukaa miaka mingi mahali si cheti. Tena, Sheria ya Jamaa ya 1987 inampa mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyokaa na mume wake. Nilipowasomea ndugu zangu neno hili, nyumba nzima ilinyamaza. Kijana mmoja alisema: «Basi sheria inatuzuia kula.» Mama mkubwa akajibu kwa sauti ndogo: «Haiwazuii kula, mwanangu. Inanizuia mimi kulala njiani.»

Baadaye tulifanya hesabu mbele ya wote. Tuliandika kwanza bei ya lupango tupu katika mtaa ule. Halafu bei ya kujenga leo kuta nene kama zile, na dari ya juu vile inayopoza nyumba hata katika joto la Oktoba. Tukatoa gharama ya boriti, plasta na umeme. Jamaa wakaona wazi kwamba yule mnunuzi alitaka kupewa nyumba nzima kama zawadi juu ya lupango. Hawakuuza. Walikubaliana kuchanga kila mwezi, watengeneze kwanza paa la upande wa jiko, kisha wafuate cheti.

Sisemi kwamba kila nyumba ya zamani iokolewe. Iko ambayo msingi wake unazama kila masika. Hiyo ibomolewe, watu wasije wakafa ndani. Lakini msikubali mnunuzi awe pia mpimaji. Tafuteni fundi asiyetaka kununua, piteni humo wakati wa mvua, someni karatasi zote, na kabla ya kutaja bei yoyote ulizeni: nani analala humu, na akitoka atakwenda wapi?