Ruzuku Niliyoikataa Kisha Nikaipokea

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: sitaki. Kila karatasi iliyopenyezwa mlangoni kwetu hapa Leicester ikisema serikali ya Uingereza itanisaidia kuondoa boila ya gesi na kuweka pampu ya joto, niliitupa bila kuimaliza. Wala sikuwa peke yangu. Kwenye shughuli zetu, iwe arusi au hitima, ukitaja ruzuku ya serikali utasikia yale yale: hakuna cha bure, leo wanakupa, kesho watakudai. Wengine wakihofia kwamba kugusa fedha za serikali kutawaharibia karatasi zao za ukaazi.

Shaka hiyo ina mizizi. Septemba 2020 serikali ilianzisha mpango wa vocha za kuzifanya nyumba zitumie nishati kidogo. Ulikusudiwa kufikia nyumba 600,000. Machi 2021 ukafungwa, na nyumba zilizonufaika zilikadiriwa kuwa 47,500 hivi. Mafundi walilalamika kucheleweshewa malipo, na wenye nyumba wakachoka kungoja. Mwaka 2025, ofisi ya taifa ya ukaguzi ikaeleza kuwa asilimia 98 ya nyumba zilizofunikwa kuta kwa nje ili kuzuia baridi, chini ya mipango miwili mingine, zilikuwa na kasoro za kurekebishwa. Mtu aliyeona ukuta wa jamaa yake ukiota ukungu ana haki ya kuogopa, na mimi simlaumu hata leo.

Kilichonigeuza hakikuwa tangazo wala hotuba ya waziri. Ni nyumba ya bibi mmoja wa Kizanzibari ambaye sote humwita Shangazi. Nilimtembelea wakati wa baridi kali, nikakuta nyumba nzima ina joto la kutosha, hadi ukumbini na msalani, mahali ambapo kwangu mtu alipita mbio. Nikagusa redieta, ilikuwa vuguvugu tu.

“Shangazi, mbona haichomi?”

“Haina haja ya kuchoma, mwanangu. Haizimwi. Inakwenda pole pole kutwa kucha.”

Akanitoa nje kunionyesha mashine yenyewe. Ukiitazama utadhani ni ile sehemu ya kiyoyozi inayofungwa ukutani kule Dar es Salaam. Nayo kwa kweli ni ndugu yake. Kiyoyozi hutoa joto ndani na kulimwaga nje, na hii huvuta joto kutoka hewa ya nje, hata hewa ya baridi, na kulipeleka kwenye maji ya redieta. Ikifungwa vizuri, uniti moja ya umeme huleta takriban uniti tatu za joto.

Ndipo nikaanza kuuliza maswali ya fedha. Ruzuku hii, inayohusu England na Wales, ilianza mwaka 2022 kwa pauni 5,000 kwa pampu inayovuta joto hewani. Oktoba 2023 ikapandishwa hadi 7,500, na maombi yakaongezeka. Jambo lililonituliza ni namna inavyolipwa: mwenye nyumba hapewi fedha mkononi wala si mkopo. Fundi aliyesajiliwa ndiye anayeomba kwa Ofgem, wasimamizi wa soko la nishati, nao huwasiliana na mwenye nyumba kuthibitisha kuwa ameridhia, kisha kiasi hicho hukatwa kwenye bei. Hakuna anayeuliza kipato chako. Aliye na viza yenye masharti na aulize mshauri wa uhamiaji kwanza, maana uvumi wa arusini si sheria.

Tulifungiwa yetu mwishoni mwa kiangazi. Fundi alipima kila chumba, akabadilisha redieta kadhaa kwa kubwa zaidi, akatafuta nafasi ya tangi la maji moto, nalo likatunyang'anya kabati. Salio tulilolipa lilikuwa maelfu ya pauni, na tulikuwa tumeliwekea akiba. Bili haikushuka sana, kwa kuwa hapa uniti ya umeme huuzwa karibu mara nne ya uniti ya gesi. Anayewaambia watu wetu kwamba watalipa nusu anawadanganya, na uongo wa namna hiyo ndio unaoua imani. Nilichopata ni joto lisilokatika, na mama mkwe wangu hakohoi tena usiku kama zamani.

Bado kuna jambo linaniuma. Kodi tunalipa wote, lakini ruzuku hii humfaa mwenye nyumba aliye na akiba ya kumalizia salio. Wengi wetu tunaoongea Kiswahili katika miji hii ni wapangaji, na mpangaji hana amri juu ya boila. Serikali ikishangaa kwa nini watu hawaupokei mpango wake kwa shangwe, ianzie hapo, na kwenye bei ya umeme.

Wewe uliye na nyumba, nakusihi usingoje boila ife. Boila nyingi hufia kwenye baridi, watoto wakitetemeka, na hapo utanunua chochote kitakachofungwa kesho yake. Uliza mwezi wa Juni au Julai. Ita mafundi wawili watatu waliosajiliwa, linganisha bei zao, na kabla hujatia saini nenda nyumbani kwa mtu anayeitumia, ukaguse redieta kwa mkono wako.