Aqua ya Masasi yapanda Newala, betri yamtoa jamaa jasho

Hela ya korosho ikiingia Masasi, wengi wanakimbilia bati au bodaboda. Jamaa mmoja wa pale mjini yeye kavuta Toyota Aqua, haibridi, iliyotumika Japani. Siku ya kwanza kabonyeza kitufe cha kuwashia, kimya. Kabonyeza tena, kumbe ndo anaizima! Gari ilishawaka kitambo, injini tu ndo ilikuwa haijaamka.

Kijiweni wakamcheka: "Blaza, hiyo betri ikifa unauza na mikorosho!"

Akapanda nayo Newala kwa mama yake, maneno hayo kichwani. Kwenye mlima, vistari vya betri vikaanza kushuka kimoja kimoja, injini inanguruma kama imetukanwa. Mkewe pembeni, kimya. Lakini haikuzima: betri ikipungua sana, petroli inabeba mzigo na kuichaji humo humo. Jioni wakati wa kushuka ndo akaona utamu. Kila akigusa breki taratibu, mota inageuka jenereta, vistari vinarudi. Chaji ya bure, wadau!

Ila Aqua ina kijitundu cha hewa pembeni ya siti ya nyuma, betri inapumulia hapo. Mama alishawapakia kiroba cha korosho, kikaziba pale pale. Mkewe ndo aliyekiona, akakihamishia kwenye buti. Joto ni adui wa betri kuliko hata mlima, na vumbi la huku linajulikana.

Sasa kila Jumapili anakisafisha kile kijitundu kwa brashi ya viatu. Fundi wa kuifungua betri yenyewe, Masasi nzima, bado anamtafuta.