Kwa Twaha, Mwalimu wa Darasa la Nne

Mwanangu Twaha,

Sisi huku Pangani hatujambo. Goti la mama yako limepoa kidogo, Mwanaidi kajifungua salama mtoto wa kiume, na ule mnazi wa uani tumeukata kabla haujatuangukia. Mengine utayakuta ukija.

Nimeshika kalamu kwa ajili ya neno moja, na tangu nilisikie sijapata usingizi wa maana. Kwenye arobaini ya jirani yetu alikuwepo mama mmoja aliyeshuka kutoka Handeni. Nilikuwa nikikutaja kwa kujivuna, kwamba mtoto wa mdogo wangu naye kawa mwalimu, amepangiwa huko kwao. Akaniangalia, akauliza polepole, "Kumbe ndiye yule Mwalimu Bakora?" Kisha akanieleza, bila chuki. Kwamba unaingia darasani na fimbo ya mpera kwapani. Kwamba ukitoa hesabu kumi, kila iliyokosewa ina fimbo yake. Na kwamba yuko mtoto wa kike wa darasa lako aliyerudi kwao vidole vimevimba, usiku akalishwa uji kwa mkono wa bibi yake kwa kuwa kijiko hakukiweza.

Ukijibu kwamba watu wanazua, nitafurahi. Lakini niandikie wewe mwenyewe, usimpe mama yako kazi ya kukutetea.

Najua utakaloanza nalo, maana ndilo walilokuwa wakianza nalo walimu wenzangu wote: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali nzuri, na mimi nimewalea wanangu kwayo. Lakini anayemfunga mtoto kamba na anayempiga akiwa amefungwa wote huisema hiyo hiyo. Kumkataza mtoto utundu hata akilia ni jambo moja, na kumtoa machozi kwa sababu saba mara nane imemshinda ni jambo jingine kabisa. Aliyekosa hesabu hajakukosea adabu.

Na hata tukiacha huruma kando, tushike sheria peke yake, hujui unachokifanya. Umesoma chuo, umetoka na cheti, lakini kanuni za viboko za mwaka 2002 sidhani kama umezishika mkononi. Mimi nimezifanyia kazi. Zinasema kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu. Zinasema visizidi vinne. Mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na huyo naye ni lazima apate kibali cha mkuu kila mara. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, ila pale ambapo shule haina mwalimu wa kike. Fimbo iwe nyepesi, ipige kiganja au matako yaliyovikwa nguo, si pengine popote. Na kila mara iandikwe kitabuni: jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko, na jina la aliyechapa. Sasa nieleze, Twaha. Hicho kitabu umewahi kukiona? Kibali cha mkuu wako kiko wapi? Na yule mtoto wa kike, wewe ulimchapa kama nani?

Sikutishi, lakini kumbuka la Bukoba mwaka 2018. Mtoto wa darasa la tano alituhumiwa wizi wa pochi ya mwalimu, akapigwa, akafa. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu kunyongwa. Naamini yule mwalimu aliamka asubuhi ile, akanywa chai yake, akatoka kwenda kazini kama wewe utokavyo.

Kuna kisa nataka ukijue. Mama yako hakijui chote.

Miaka ya themanini nilifundisha na mwalimu mmoja hodari sana. Jina lake nitalihifadhi, ameshatangulia mbele ya haki. Hati yake ya ubaoni ilikuwa kama imechapwa kwa mashine, hesabu alizijua, na hakuwa mlevi wala mzembe. Ila mkono wake ulikuwa mwepesi. Asubuhi moja kwenye mstari mtoto wa darasa la tatu alinong'ona na mwenziwe wakati wa wimbo wa taifa. Yule bwana akamfikia kwa nyuma, akamgeuza, akamtia kofi moja la sikio la kushoto. Moja tu. Mtoto hakulia, tukaingia madarasani.

Juma la pili yake sikio likaanza kutoa usaha. Mama yake akaziba kwa pamba, pamba ikawa ya manjano, nzi wakawa wanamwandama hata wenzake wakakataa kukaa naye dawati moja. Tukamhamishia pembeni, kwenye dawati la ukutani, na hapo ndipo balaa lilipokolea, kwa kuwa sikio lililobaki zima likaelekea ukuta. Akiitwa kwenye mahudhurio, kimya. Akiulizwa swali, kimya. Shule nzima ikasema mtoto yule amekuwa jeuri. Na jeuri unajua dawa yake. Alichapwa kwa kutoitika, akachapwa kwa kutofanya kazi ambayo hakuisikia ikitolewa, akachapwa kwa kumkodolea mwalimu macho, na kumbe alikuwa akisoma midomo.

Nilipopewa darasa lile mwaka uliofuata nilimwona akigeuza shingo kila mtu akisema, kama kuku anayesikiliza kipanga. Nikasimama nyuma yake wakati wenzake wanaandika. Nikamwita kwa sauti ya kawaida upande wa kushoto, hakushtuka. Nikahamia kulia, nikanong'ona jina lake, akageuka papo hapo, akatabasamu. Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe. Wakatuambia ngoma ya sikio ilipasuka siku nyingi na usaha umekula ndani. Nikamketisha mbele, mkono wangu wa kulia, akawa anasikia. Lakini shule ilikwisha kumtoka moyoni. Darasa la tano hakumaliza.

Yule mwalimu hakumchukia mtoto. Nataka ulishike hilo. Kofi lilipasua sikio, kisha fimbo ikatuzuia sote kuuliza kwa nini mtoto haitiki, kwa sababu tulikuwa na jibu tayari mkononi. Ndilo ninaloliogopa kwako kuliko hata sheria. Darasa la mwenye fimbo huwa kimya, na kimya kile utakidhani ni kuelewa. Mtoto asiyejua hatakuuliza, atanakili kwa jirani. Mwenye njaa hatakwambia. Asiyeona ubao atakisia. Utafundisha mwaka mzima hujui unamfundisha nani.

Huyo mtoto sasa ni mtu mzima, anafanya vibarua vya mizigo upande wa Bweni, na nikivuka na pantoni hunichukulia kapu langu. Hunisalimia kwa kunielekezea sikio la kulia. Siku moja nikamwona akimnasa mwanawe kichwani, nikamkemea. Akacheka, akaniambia, "Mwalimu, na sisi tulichapwa, tukanyooka." Yeye, Twaha! Nikamwambia, umesimama licha ya lile kofi, hukusimama kwa sababu yake. Usinijie na wewe na hilo neno la tulichapwa tukawa watu. Waliochapwa wakaacha shule hawapo kwenye mkutano wa walimu kutoa ushahidi.

Mjomba wako akija na dini, mwambie nami nimesoma. Mtoto anaamrishwa swala akiwa na miaka saba, na habari ya kupigwa inatajwa akifika kumi, na wanavyuoni wakaweka masharti: si usoni, si kwa kuumiza, si kwa hasira. Kati ya saba na kumi ni miaka mitatu ya kusema kwa ulimi, siku baada ya siku, swala tano. Wewe una watoto hao tangu Januari. Na Anas bin Malik alimtumikia Mtume, rehema na amani zimshukie, miaka kumi tangu udogoni, akasimulia kwamba hakuambiwa hata akh.

Wala sikwambii kwamba fimbo ililetwa na wageni. Kwenye chuo cha Kurani cha marehemu baba tulikuwa na bakora juu ya dari na tuliiogopa. Lakini mwambao huu Wajerumani waliwalaza wazee wetu hadharani wakawapiga hamsa ishirini, viboko 25, ili wanaotazama washike adabu. Kila nikiona mtoto amelazwa mbele ya mstari, wenzake mia tano wanatazama, ndilo linalonijia. Yale hayakuwa malezi.

Utasema pia, kama wasemavyo redioni, kwamba Kenya waliondoa viboko na sasa wanafunzi wanachoma mabweni. Hapo mpakani Horohoro ukivuka tu, viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, katiba yao ya 2010 ikakataa mtu yeyote kuadhibiwa kwa kupigwa, na sheria ya elimu ya msingi ya 2013 ikaweka faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Moto upo, sikatai. Lakini mwaka 1999 wanafunzi wa shule moja huko Nyeri waliwachoma viranja wanne wakafa, na wakati huo bakora ilikuwa halali kabisa. Na wala sidai kwamba leo mtoto wa Kenya hachapwi. Anachapwa. Tofauti ni kwamba anayemchapa anajua ana kosa, na mzazi ana mahali pa kusimama akadai. Mimi natamani na kwetu tufike hapo, na nimesema hivyo kwenye kila semina niliyoitwa, wakaninunia.

Najua darasa lako lina watoto zaidi ya mia. Nilikuwepo ada ilipofutwa wakati wa MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, tukawakalisha chini ya mwembe. Nami nilianza na Daraja C, mwalimu wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, tuliotukanwa kwamba ni Ualimu Pasipo Elimu; nikajiendeleza mpaka A. Watoto wangu wa darasani walifaulu kwenda sekondari enzi ambazo kijiji kizima kilipata nafasi moja au mbili, na fimbo sikuwa nayo. Walioninyima ualimu mkuu walisema mama huyu ni laini, watoto hawamwogopi. Nawasamehe, lakini sijasahau, na nafurahi kwamba kila harusi ya wanafunzi wangu naalikwa.

Fanya hivi. Gawa darasa makundi, anayejua akae na asiyejua. Hesabu zirudishe kwenye visoda na vijiti, hata darasa la nne, usione haya. Mchelewaji muulize anachota maji wapi kabla hujamuuliza kwa nini kachelewa. Mtoro mfuate kwao. Na usije ukaiacha fimbo ukashika kichurachura na kupiga magoti juani, huko nako ni kuumiza.

Mengine ni machache. Usikope kausha damu hata mshahara ukichelewa, niambie mimi. Swala ya alfajiri usiiache. Yule binti wa Korogwe kama ni kweli, lete washenga, usimweke mtoto wa watu njiani.

Narudi kwa yule mtoto wa kike. Kabla ya Ijumaa ya wiki utakayopata barua hii nenda kwao, usimtume mtu. Mkute bibi yake, kaa chini utakapoonyeshwa, mwombe radhi kwa lugha ya kueleweka, wala usitaje darasa lina watoto wangapi. Kama vidole bado vina uvimbe mpeleke zahanati kwa pesa yako. Nimemkabidhi dereva wa noah ya Handeni shilingi 30,000 pamoja na barua hii, zitakusaidia. Kisha mwambie mwalimu mkuu wako umefanya nini, akakuandike kitabuni kama kitabu kipo. Halafu niandikie bibi alikujibu nini.

Wasalaam,
Mama yako mkubwa,
Pangani