Nani Anamgeuza Usiku?

Kabla ya kumlaza Bibi hospitali nilichora jedwali kwenye daftari. Upande wa kushoto maswali, upande wa kulia alama. Bombani kuna maji? Choo kina mlango unaofungwa? Kuna mtu wa mazoezi ya viungo, au kuna chumba tu chenye jina lake mlangoni? Swali la mwisho nililiandika kwa wino mwekundu: nani anamgeuza usiku?

Bibi alikuwa amepata kiharusi wiki moja kabla, kijijini kwake upande wa ziwa, akiwa anaanua dagaa juani. Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi, na maneno yakawa yanamtoka yamevunjika. Baba mdogo, ambaye ana kahawa huku juu Mbinga, alikodi gari. Tulipanda milima kutoka Mbamba Bay, Bibi akiwa amelazwa kiti cha nyuma, kichwa chake kwenye mapaja yangu. Kila kona alitaka kuinuka aangalie ziwa. Nilimrudisha chini kila mara. Niliona namsaidia.

Jedwali sikulitoa hewani. Mwaka 2015 serikali ilianza kuvipima vituo vya afya vya msingi na kuvipa nyota, kuanzia sifuri hadi tano, na mimi ni wa kizazi kinachoamini kwamba kitu kikipewa nyota kimeshaeleweka. Tunawapa nyota madereva, wauza chipsi, filamu. Kwa nini nisiipe nyota wodi atakayolala bibi yangu?

Hospitali yenyewe sitaitaja. Wilaya za Mbinga na Nyasa zilikuwa moja mpaka 2012, na watu bado wanajuana kwa sauti. Nitasema tu kwamba siku ya kwanza niliipa nyota mbili. Maji yalikuja asubuhi na kukata mchana. Usiku muuguzi alikuwa mmoja, na vitanda sikumaliza kuvihesabu. Nilipomuuliza swali langu la wino mwekundu, alinitazama kwa muda, akasema, "Tunawageuza wote kila baada ya saa mbili, tukiweza. Na wewe ukiwepo, tunamgeuza pamoja."

Nikaandika: *wanategemea ndugu*. Nikapunguza alama.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na kitanda kimoja, ngazi ya mbao yenye vidato vitatu na vyuma viwili vya kushikilia. Kijana wa mazoezi alikuwa na tabia iliyonikera. Bibi akitaka maji, anaweka kikombe upande wa kulia, ule mbovu, kisha anasubiri. Akila, anakalishwa wima ili asipaliwe, anashikishwa kijiko kwenye mkono uleule unaotetemeka. Uji ukimwagika kifuani, kijana anafuta, anajaza tena. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikachukua kijiko. "Kaka, mwache," alisema kwa upole. "Mkono ukikosa kazi, kichwa kinausahau." Aliniambia kurudi kwa mkono ni suala la kurudia jambo dogo mara nyingi, na kwamba miezi ya mwanzo haichezewi. Nikaandika: *wazembe kwenye kulisha*.

Baada ya wiki tatu waliturudisha nyumbani. Kikao cha familia kilifanyika sebuleni kwa baba mdogo. Shangazi alisikia kuna makazi ya wazee ya serikali. Mama akamkata kauli, yale ni ya wazee wasio na mtu, na sisi tupo kumi na moja humu ndani. Tukaafikiana kwamba mimi, nisiye na ajira tangu nimalize chuo, ndiye nitakayemuuguza. Nilikubali haraka. Nilikuwa nimeshaikagua hospitali nzima. Chumba kimoja kingenishinda nini?

Nilimlisha kwa mkono wangu. Nilimnywesha. Nilimbeba hadi chooni kabla hajaomba. Majirani walipita wakasema, "Mungu akubariki, mjukuu kama wewe hayupo." Usiku niliweka alamu ya simu kila saa mbili. Usiku wa tano niliizima nikiwa usingizini. Wa sita niliizima nikiwa macho.

Siku ya kumi na mbili mama alipomwogesha, alinyamaza ghafla. Juu ya makalio, pale mfupa unapokaribia ngozi, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, katikati kimekuwa cheusi. Hospitalini, kwa wiki tatu za nyota mbili, hakuwahi kupata hata wekundu.

Tulirudi. Muuguzi wa zamu alikuwa yuleyule. Alikiangalia kidonda, akakisafisha taratibu, akakifunga. Kisha akauliza bila kuinua uso: "Nyumbani nani anamgeuza usiku?"

Sikujibu. Lugha yetu imenyoosha mambo: anayeugua, anayeuguza na muuguzi wamezaliwa na neno moja. Mimi nilikuwa nimejiweka pembeni, nimeshika kalamu, kana kwamba kuna nafasi ya nne.

Usiku ule nilikaa karibu na kitanda. Nilimgeuza pamoja na muuguzi saa nne, saa sita, saa nane. Alfajiri nilimuuliza Bibi, anataka abaki hapa au turudi nyumbani. Alichukua muda mrefu kuyapanga maneno.

"Nyumbani," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini hapa wananipa kijiko."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, akaunyanyua mkono wa kulia kidogo juu ya shuka, kidogo tu, kunionyesha. Kwangu ulikuwa umelala siku kumi na mbili bila kazi yoyote.

Daftari ninalo bado. Kidonda kilichukua muda mrefu kupona, na sasa yupo nyumbani kwake, karibu na ziwa. Usiku tunamgeuza kwa zamu, watu wanne, majina yamebandikwa ukutani. Asubuhi namkalisha wima kwenye mkeka, nampa bakuli na kijiko, nakaa mbele yake na mikono yangu nimeikalia. Uji unamwagika. Mbasa anamshinda kabisa, miiba namtolea mimi. Kati ya vijiko kumi, jana saba vilifika mdomoni.