Cardiff, mji wa mvua ambako Kamworor alianguka na bado akashinda

Kama una mtoto au ndugu anayeishi Uingereza na unajiandaa kwenda kumtembelea, usiishie London. Panda treni pale kituo cha Paddington, na baada ya saa mbili hivi utashuka Cardiff, mji mkuu wa Wales. Usisahau koti la mvua.

Anzia kwenye ngome iliyo katikati ya mji. Waliotangulia kujenga hapo ni Warumi, wakafuatiwa na Wanormani. Mbele ya kuta hizo, tarehe 26 Machi 2016, zilianzia mbio za dunia za nusu marathoni, kilomita 21 na ushee. Geoffrey Kamworor wa Kenya alikuja kutetea ubingwa alioupata Copenhagen mwaka 2014. Mlio wa kuanza ulipolia, aliteleza akaanguka, na nyuma yake kulikuwa na umati unaokuja mbio. Mtu angeweza kukanyagwa pale. Aliinuka, magoti yamechubuka, akawakimbiza wenzake mpaka akawafikia.

Ukifuata njia waliyopita utafika kwenye ghuba. Zamani bandari hii ilisafirisha makaa ya mawe kwenda pembe zote za dunia, na mabaharia wa Kisomali na Kiyemeni wakaweka makazi mtaa wa Butetown, ulio karibu na gati. Biashara ya makaa ilipokufa, bandari ilidorora. Baadaye likajengwa boma la kuzuia maji ya bahari, lililokamilika mwaka 1999, na ghuba ikageuka ziwa la maji baridi. Leo wazazi husukuma vigari vya watoto juu ya boma hilo, na upepo wake si wa mchezo.

Siku ile upepo ulikuja na mvua kubwa. Kamworor na Mkenya mwenzake Bedan Karoki waliwaacha wengine, kisha Kamworor akamwacha Karoki. Alimaliza kwa dakika 59 na sekunde 10. Karoki alitumia 59:36. Mo Farah, mwenyeji aliyezaliwa Somalia, alipata shaba kwa 59:59. Kwa wanawake, Peres Jepchirchir alimshinda Cynthia Limo kwa sekunde 3 tu, naye Mary Wacera akafunga orodha ya Wakenya watatu.

Watanzania nao wana historia katika mashindano haya. Fabiano Joseph alishika nafasi ya pili mwaka 2003, akashika ya pili tena 2004, na mwaka 2005 akatwaa dhahabu Edmonton, Kanada. Vijana wengi wa leo hawalijui jina lake. Wasimulieni.

Njia ile inapita pia kando ya ziwa la Roath Park, mahali pazuri pa watoto kutazama bata na kupumzisha miguu. Wakiwa wamekaa, waelezeni habari ya Kamworor. Mtoto aliyefeli mtihani au aliyeachwa nje ya timu ya shule hahitaji hotuba ndefu. Mwambieni kwamba bingwa wa dunia alianguka hatua za mwanzo kabisa, mbele ya watu wote, na kilomita karibu zote 21 zilikuwa bado zinamngoja.